Mwalimu, Usikopee Nakala Elfu Moja

Swali: Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika sekondari moja wilayani Chamwino. Kwa miaka saba nimekuwa nikiandika hadithi fupi, na sasa zimefika 22. Tano zilitoka gazetini. Nyingi ya zilizobaki nimezirusha vipande vipande kwenye makundi ya WhatsApp, na kila siku watu wananiambia nitoe kitabu. Kampuni moja imenipa bei: nilipe shilingi milioni nne na nusu, wanichapie nakala 1,000, wanitafutie ISBN (namba ya kukitambulisha kitabu), wanisajilie hakimiliki na kunitangaza. SACCOS yetu iko tayari kunikopesha. Je, nikubali? Na kama sivyo, nianzie wapi?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Usikope. Nalitanguliza hilo kwa sababu jibu langu ni refu na fomu ya mkopo husainiwa kwa dakika tano.

Bei yenyewe hainitishi. Milioni 4.5 kwa nakala 1,000 ni shilingi 4,500 kwa nakala. Kinachonitia wasiwasi ni hiyo elfu. Kitabu cha A5, yaani nusu ya A4, chenye kurasa 144 za karatasi ya gramu 80 kwa mita ya mraba kina uzito wa karibu gramu 200, kwa hiyo nakala 1,000 ni kilo 200 za karatasi. Gari litashusha maboksi mlangoni kwako, utayapanga chumbani, na kazi ya kuyatoa humo chumbani itakuwa yako peke yako. Mchwa wa Chamwino unawajua kuliko mimi, na vumbi la mwezi wa nane halihitaji maelezo. Tena vitabu vingi vya bei hii hubandikwa mgongo kwa gundi ya moto, ambayo haipatani na joto la chumba cha bati. Nimeingia nyumba za waandishi hapa Dodoma nikakuta maboksi ya kitabu cha mwaka juzi yamewekewa kitambaa, juu yake televisheni.

Sasa tuitazame kampuni. Katika biashara hii, ukitaka kumjua mtu, angalia pesa inatoka kwa nani kwenda kwa nani. Mchapishaji huweka mtaji wake: hulipia uhariri, kava, upangaji wa kurasa, uchapaji na usambazaji, kisha hukulipa mrabaha kwa kila nakala inayouzwa. Kitabu kikidoda, hasara ni yake. Mpiga chapa unamlipa wewe. Anakukabidhi vitabu vyote na hana haki yoyote juu ya maandishi yako. Wote wawili ni watu wa heshima. Wa kuchunguza ni huyu wa tatu, anayekutoza kama mpiga chapa huku akitaka usaini mkataba wa mchapishaji. Wapo wa aina hiyo wanaofanya kazi safi, na wapo wanaokuuzia mbuzi kwenye gunia. Utawatofautisha kwa maswali, tena waulize kwa maandishi nao wajibu kwa maandishi. Kati ya hizo nakala 1,000, ngapi zinafika mkononi mwangu? ISBN itasajiliwa kwa jina la nani? Baada ya kazi, nitapewa mafaili ya kurasa na kava, yale yanayoweza kufunguliwa na kurekebishwa, au PDF tu? Kunitangaza maana yake nini: wapi, mara ngapi, kwa muda gani? Na mwisho, naomba namba za waandishi wawili mliowachapia mwaka jana. Hao wawili ukiwapigia, usiwaulize kama kava lilikuwa zuri. Waulize nakala ngapi ziliuzwa na kampuni, si na wao wenyewe.

Kujichapishia si aibu. Waandishi kadhaa wa riwaya pendwa wa miaka ya 1970 na 1980, ambazo wazazi wetu walizisoma chini ya shuka, walianzisha kampuni zao wenyewe baada ya kuchoka kusubiri. Lakini kabla ya kutoa pesa yako, jaribu kwanza milango ambayo hufungwa kitabu kikishatoka.

Mlango mmoja ni tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo zawadi zake zilianza kutolewa tarehe 13 Aprili 2023, ilianza na riwaya na ushairi, mshindi wa kwanza akipata shilingi milioni 10, na nyanja zake zimekuwa zikiongezwa. Ile ya Safal-Cornell, tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, inapokea pia hadithi fupi, na hukubali mswada au kitabu kilichotoka karibuni. Soma tangazo la mwaka husika neno kwa neno: idadi ya maneno, nyanja zinazoshindaniwa, na sharti la mswada kuwa haujachapishwa popote. Hilo la mwisho ndilo huwatoa wengi. Ukishajaza chumba maboksi, tuzo ya miswada si yako tena.

Mlango mwingine ni wachapishaji wenye kawaida ya kutoa fasihi ya Kiswahili, kama Mkuki na Nyota au E&D Vision. Watumie barua ya ukurasa mmoja na hadithi tatu, si zote 22, kisha uvumilie miezi kadhaa bila kupiga simu kila Jumatatu. Uwezekano mkubwa ni kwamba watasema hapana, na si lazima iwe kwa sababu ya ubaya wa kazi. Wewe unafundisha kidato cha nne, unajua: kwa miaka mingi maswali yetu ya fasihi yamezunguka riwaya, tamthilia na ushairi. Wenzetu wa Kenya kwa miaka mingi walikuwa na mkusanyiko wa hadithi fupi kama kitabu cha lazima cha mtihani, ndiyo maana huko mikusanyiko ilichapwa kwa wingi. Huku kwetu hadithi fupi haina mnunuzi anayelazimishwa kuinunua. Mchapishaji anayeishi kwa oda za shule anaiogopa, na simlaumu.

Basi tuje kwenye mswada, maana hapo ndipo kitabu kinapoamuliwa, na hapo ndipo hujaniuliza kitu.

Usizitoe zote 22. Zipeleke stesheneri zichapwe upande mmoja wa karatasi, kila hadithi ibanwe peke yake, kisha uziache wiki tatu bila kuzigusa. Ukizirudia, zisome kwa mfululizo ndani ya siku mbili tatu, kwa sauti, mkononi ukiwa na ile kalamu nyekundu ambayo umezoea kuitumia kwenye madaftari ya wengine.

Utakutana na marudio. Mtu akisoma hadithi yako moja Januari na nyingine Juni, hagundui kwamba zote mbili zinaanza kwa jua kuchomoza, au kwamba mjomba mlevi wa hadithi ya pili ndiye fundi mlevi wa hadithi ya tisa, au kwamba kila ukikwama unamwua mtu kwa ajali ya bodaboda. Akizisoma zote kwa usiku mmoja, anagundua. Katika miswada ninayoletewa, kifo cha ghafla kwenye ukurasa wa mwisho ndicho ugonjwa mkuu. Kinafuatiwa na ndoto: mhusika anapitia makubwa, kisha anashtuka, kumbe alikuwa amelala. Vifo, bakiza kimoja au viwili. Ndoto usibakize hata moja.

Zile zilizopita WhatsApp zina tatizo lao. Hadithi iliyoandikwa kwa kurushwa vipande ina mapigo ya pekee: kila baada ya maneno mia tatu au mia nne mlango unagongwa, simu inaita, mtu anasema ana jambo zito la kueleza, halafu "itaendelea kesho saa mbili usiku". Kule inafaa sana, maana msomaji ana siku nzima ya kungoja. Kwenye kitabu mishtuko hiyo inafuatana kurasa kumi bila pumzi, na kila mmoja unaufanya unaofuata kuwa dhaifu. Kurekebisha koma hakutazisaidia. Chukua karatasi nyeupe, andika kisa kizima kwa kukumbuka, bila kuangalia ile ya simu. Utakachosahau pengine hakikuhitajika.

Zile tano za gazetini zina shida ya kinyume. Zilikatwa ziingie kwenye nafasi, na mara nyingi aya ya mwisho ni funzo, kwa sababu mhariri wa ukurasa alilitaka. Tafuta nakala yako ya kabla ya kukatwa. Kama huna, ifungue upya mwenyewe, na lile funzo lifute. Mwanafunzi akishaona jibu limeandikwa ubaoni, haangalii tena swali. Msomaji naye ni hivyo hivyo.

Nadhani utabaki na 12 au 13, na zinatosha. Hadithi ya maneno 2,500 huchukua kurasa tisa hivi za A5. Kumi na tatu ni kama maneno 33,000, yaani kurasa 120, na ukiongeza kurasa za mwanzo na nafasi kati ya hadithi unaikaribia 144. Hiyo 144 nimeitaja kwa makusudi. Karatasi kubwa ya mtamboni hukunjwa ikatoa kurasa 16, hivyo kitabu hupangwa kwa mafungu ya 16: 128, 144, 160. Ukiishia kurasa 147 utalipia kurasa 13 tupu, wakati mpangaji kurasa angeweza kukubania ukaingia kwenye 144.

Mpangilio nao ni sehemu ya uandishi. Wengi hufuata tarehe walizoandika, matokeo yake kitabu kinafunguliwa na hadithi changa kuliko zote. Ya kwanza iwe fupi na yenye mwendo, kwa kuwa mnunuzi ataisoma amesimama, mkono mmoja umeshika pochi. Ile unayoiona bora mimi ningeiweka ya tatu au ya nne, msomaji akiwa ameshaizoea sauti yako, na ile inayoikaribia kwa ubora ningeiweka ya mwisho. Mbili zinazosimuliwa na "mimi" zisifuatane, msomaji atadhani ni mtu yule yule. Ndefu ifuatiwe na fupi. Andika vichwa kwenye vikaratasi, vitandaze mezani, uvihamishe mpaka uridhike. Wiki moja ya kufanya hivyo haitapotea. Kuhusu jina la kitabu, desturi yetu ni kuchukua jina la hadithi moja na kuongeza "na Hadithi Nyingine". Haina ubaya. Chagua tu jina ambalo mtu akilitaja kwenye simu mbovu linasikika mara ya kwanza.

Na kama visa vyako vinatokea Mvumi, Bahi au Kongwa, tafadhali usivisafishe vifanane na vya Dar es Salaam. Mlenda, tembe, salamu ya "mbukwenyi" asubuhi, foleni ya ndoo kisimani mwezi wa kumi: viache vilivyo, bila kuvilaza kwa herufi za mlalo na bila orodha ya msamiati mwisho wa kitabu. Msomaji wa Tanga asiyeijua tembe ataielewa pale mhusika wako atakapopanda juu ya paa la udongo. Tuna vitabu vingi ambavyo watu wake wote wanaishi Sinza.

Ila ukiwa mwandishi wa wilaya moja, jihadhari na watu. Kubadilisha jina hakutoshi. Kijiji chenye zahanati moja kina muuguzi mmoja au wawili, na ukiandika kwamba muuguzi aliuza dawa za serikali, hata ukimpa jina la Kimakonde, wanakijiji watamnyoshea kidole kabla hawajamaliza ukurasa. Badilisha kazi, umri, jinsia, mfuatano wa matukio. Kwa wanafunzi wako kaza zaidi. Mtoto aliyekueleza siri yake ofisini alikuja kwa mwalimu, hakuja kwa mwandishi. Hadithi kama hiyo iondoe hata kama ndiyo nzuri kuliko zote.

Kisha mhariri. Walimu wa Kiswahili ndio wateja wangu wagumu, maana wanaamini hawahitaji kuhaririwa, na kwa upande wa sarufi mara nyingi ni kweli. Mhariri wa hadithi, hata hivyo, anauliza mengine: kwa nini mama huyu hakupiga simu ukurasa wa tatu wakati simu anayo? Kwa nini kijana wa darasa la sita anaongea kama mkuu wa wilaya? Asitoke kwenye chumba cha walimu cha shuleni kwako, atakuonea haya. Mpe kwanza hadithi moja kwa malipo, uone anachokiona, ndipo umpe nyingine. Msoma prufu, yule wa kusaka makosa ya mwisho ya chapa, awe mtu tofauti, kwa sababu jicho lililosoma mswada mara nne huona kile linachokitarajia. Kama bajeti ni ndogo, Idara ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) haiko mbali nawe. Wanafunzi wa uzamili wanaosoma fasihi wapo, na wengi hawajawahi kulipwa kwa kusoma. Walipe.

Kuhusu hakimiliki na ISBN, kampuni imeziweka kwenye bei kana kwamba ni dawa adimu. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, hadithi ni mali yako tangu ulipoiandika, na ulinzi wake unadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo chako. Usajili COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, unasaidia siku ukibishana na mtu, maana una karatasi yenye tarehe. Ufanye, na ufanye mwenyewe kwa jina lako. Zile tano za gazetini, kama hukuwa mwajiriwa wao wala hukusaini kuwauzia haki, bado ni zako. Hata hivyo waandikie barua fupi ya kuwaarifu, na kwenye ukurasa wa hakimiliki taja kwamba zilitoka kwanza huko.

ISBN hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ni tarakimu 13 zinazoanza na 978, na kwenye vitabu vingi vya Tanzania zinafuata 9976 au 9987. Inakitambulisha kitabu dukani na maktabani, basi. Haizuii wezi wala haishuhudii ubora. Umelipia kila kitu, kwa hiyo jina linalosajiliwa nayo kama mchapishaji liwe lako. Kitabu kikitoka, nakala za amana zinapelekwa kwa bodi hiyo hiyo kwa mujibu wa sheria, nawe usizionee uchungu: zitatunzwa kuliko zilizo chumbani kwako. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, hutoa ithibati ya lugha, na vitabu vya shule vina utaratibu wao kupitia Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa kitabu cha kwanza cha hadithi za watu wazima, hizo hazikuzuii kuanza.

Ikitokea mchapishaji wa kweli amekubali, jambo moja la mkataba lisikupite. Mrabaha wa asilimia 10 ni wa kawaida, lakini uliza ni asilimia 10 ya nini. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 10,000 na duka linakata asilimia 35. Ukilipwa kwa bei ya kava unapata 1,000. Ukilipwa kwa kile kinachomfikia mchapishaji, unapata 650. Uliza pia haki unazompa ni za miaka mingapi, na kama zinahusu kitabu cha karatasi tu au pamoja na tafsiri, redio, filamu na kitabu cha kwenye simu. Maneno "haki zote, daima" yakatie mstari. Kumbuka ile miaka 50 baada ya kifo: unawasainia hata wajukuu. Na kuwe na kifungu kinachosema kitabu kikiisha sokoni bila kuchapwa upya kwa muda fulani, haki zinakurudia.

Kama unajichapishia, andika vipimo vyako kwenye karatasi moja: A5, kurasa 144, ndani karatasi ya gramu 70 au 80 na wino mweusi, kava gramu 250 au 300 la rangi lenye laminesheni, mgongo wa gundi. Wapelekee wapiga chapa watatu karatasi hiyo hiyo, bila kubadilisha neno, na uombe bei za nakala 100, 300 na 1,000. Bei zitakufundisha zenyewe. Mtambo wa ofseti unahitaji pleti, yaani bamba lenye sura ya kurasa, kwa kila rangi kabla ya nakala ya kwanza kutoka, na gharama hiyo ni ile ile uchape 100 au 5,000. Ndiyo maana bei ya nakala moja hushuka kadiri unavyoongeza. Mashine ya dijitali haina pleti, hivyo nakala ya kwanza na ya mia zinakaribiana bei. Kwa mwanzo chukua dijitali, nakala 150 hivi. Utalipa zaidi kwa kila moja, pengine sana, lakini jumla yake itakuwa sehemu ndogo ya ile milioni 4.5, na hutakuwa na deni. Anza kuuliza hapa hapa mjini. Central Tanganyika Press imekuwa ikichapa Dodoma tangu kabla wengi wetu hatujazaliwa. Ukipata bei nafuu Dar es Salaam, usikubali kuangalia prufu kwa picha ya simu. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kwenda asubuhi, akashika nakala ya mfano mkononi, akaikunja mgongo mara kumi kuona kama inaachia, na jioni akarudi.

Kava usimpe kijana wa stesheneri anayetengeneza kadi za mchango wa harusi. Nasema hivi kwa upendo, lakini mawaridi yale yale na mwandiko ule ule wa dhahabu nimeyaona kwenye vitabu vya tauhidi, vya kilimo cha zabibu na vya mapenzi.

Imebaki kuuza, na hapa nina kipimo kimoja ninachokiamini kuliko sifa zote za WhatsApp. Kabla ya kuagiza chochote, tangaza kwenye makundi yale yale kwamba kitabu kinakuja, bei 10,000, na anayetaka atume sasa kwenye lipa namba yako; atakayetanguliza utamsainia nakala. Toa siku 30, na tarehe ya kukabidhi uliyo na uhakika nayo. Weka daftari la majina, kiasi na tarehe, kwa sababu ukishapokea pesa ya mtu wewe ni mdaiwa wake. Wakitanguliza 60, una kitabu, na uchapaji umejilipia nusu au zaidi. Wakitanguliza wanane, umeokoa milioni nne. Tangu siku hiyo acha kurusha hadithi zitakazoingia kitabuni. Bakiza mbili za kuonjesha.

Baada ya hapo, kitabu cha mwalimu kinauzwa na walimu. Zunguka kwenye vyumba vya walimu vya shule za jirani wiki ile mshahara unapotoka, si tarehe 15. Nakala za mikoani zitume kwa basi kama kifurushi, nauli ikiwa ya mnunuzi na mkiwa mmekubaliana kabla. Maduka ya vitabu yape nakala tano tano kwa hati iliyosainiwa na urudi kila mwezi, maana duka likishasahau, limesahau.

Watu watakushauri ufanye uzinduzi: ukumbi, mgeni rasmi, keki yenye sura ya kitabu. Kipindi cha Bunge watakuambia umtafute mbunge anunue nakala 200 azigawe jimboni. Pesa ya namna hiyo si haramu, ila inakulipia ukumbi na haikuletei msomaji. Nimeona vitabu vilivyogawiwa hivyo vikizuia mlango usijifunge. Kama unataka sherehe, omba darasa siku ya Jumamosi, soma hadithi moja kwa sauti, chai na maandazi, vitabu mezani. Waliokuja bila kupewa posho ndio wateja wako wa kitabu cha pili.

Zikibaki nakala 30, piga simu kuuliza bei ya nyingine 300, safari hii pengine kwa ofseti. Kabla ya kuagiza, fungua lile faili la kurasa ulilosisitiza kupewa na urekebishe makosa ya chapa. Huna haja ya kuyatafuta. Wanafunzi wako wa kidato cha nne watakuwa wameshakuorodheshea, na kurasa zake.